Hita ya Dizeli Ndani ya Boti: Mambo ya Kuzingatia Majira ya Baridi

Katika miji ya Uingereza ambako kodi ya nyumba imewashinda wengi, kuishi ndani ya boti kwenye mifereji na mito si jambo la kustaajabisha tena. Nyingi kati ya boti hizo ni nyembamba na ndefu, kwa kuwa zilisanifiwa zipite katika malango ya maji yenye upana unaozidi mita mbili kidogo tu. Ndani yake mna kitanda, jiko, meza na choo, vyote vikifuatana kama mabehewa ya treni. Makala hii inamlenga msemaji wa Kiswahili anayeishi katika boti ya namna hiyo, au anayekusudia kuinunua au kuipanga, na ambaye hajapitisha Januari hata moja akiwa majini. Hatuchukulii kwamba yeye ni fundi. Tunachukulia tu kwamba angependa kulala penye joto na kuamka salama.

Boti ya chuma haina huruma wakati wa baridi. Bati lake hupoteza joto upesi, na sakafu yake imekalia maji ambayo mwezi wa Januari huweza kufanya tabaka la barafu juu yake. Wenyeji wengi huwasha jiko la chuma la kuni au makaa ya mawe. Wengine, hasa wale wasio na mahali pa kuhifadhi kuni, hufunga hita inayochoma dizeli, mafuta yaleyale yanayoendesha injini. Hita hiyo ni ndogo, yatosha kuwekwa chini ya kiti, na huwashwa kwa kubonyeza kitufe. Urahisi huo ndio unaowapotosha watu wakaiona kama pasi au birika la umeme. Sivyo ilivyo. Hita ya dizeli ni tanuri dogo, na kila tanuri hutoa moshi.

Aliyekulia Njombe, Makete au Limuru anaijua desturi ya kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, na huenda pia amepata kusikia habari za msiba uliotokana na jiko hilo. Gesi iliyohusika katika misiba hiyo, kaboni monoksaidi, ndiyo hiyohiyo inayopatikana katika moshi wa hita ya dizeli. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikivutwa hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, hata mwili ukakosa hewa ilhali mtu anapumua kama kawaida. Tofauti kati ya jiko la mkaa na hita ya dizeli ni kwamba hita imeundwa ili moshi wake usiingie chumbani kabisa. Maadamu muundo huo haujavunjika, hakuna hatari. Kwa hiyo inampasa mtumiaji aujue muundo wenyewe.

Hewa mbili zisizokutana

Ndani ya hita kuna chumba kidogo cha chuma cha kuunguzia mafuta. Pampu ndogo, ile inayosikika ikigonga taratibu usiku kucha, hupeleka dizeli humo tone kwa tone. Plagi ya kuwashia hupata moto mkali na kuyageuza mafuta kuwa mvuke unaoshika moto. Feni huvuta hewa ya kuunguzia kupitia bomba la kwanza, na moshi husukumwa nje ya boti kupitia bomba la pili. Hewa hii tuiite hewa ya moto.

Kuta za chumba hicho zina mapezi ya aluminiamu kwa nje. Feni nyingine, ambayo aghalabu huzungushwa na mota ileile, huvuta hewa ya chumba unachokaa, huipitisha juu ya mapezi yaliyokwisha kupata joto, na kuirudisha chumbani ikiwa ya vuguvugu. Hii ndiyo hewa ya kupumua. Kati ya hewa ya moto na hewa ya kupumua kuna ukuta wa chuma, na hazipaswi kukutana mahali popote, iwe ndani ya hita au katika mabomba yake. Zipo pia hita zinazopasha maji yanayozungushwa katika mabomba na radieta badala ya kupasha hewa. Maji yamechukua nafasi ya hewa ya kupumua, bali habari ya moshi haikubadilika.

Kutokana na hayo yafuata mambo mawili ambayo mnunuzi anaweza kuyakagua kwa macho yake mwenyewe. La kwanza, tundu linalovuta hewa ya kupumua lisiwe ndani ya chumba cha injini, kwa sababu litasambaza mafusho ya injini hadi kitandani. La pili, mdomo wa bomba la moshi usielekee dirisha, mlango au tundu la kupitisha hewa, wala usiwe mahali ambapo boti ikifungwa sambamba na ukuta au na boti nyingine moshi utakosa njia na kurudi ndani.

Tukio la York

Mwezi wa Desemba 2019 wanaume wawili walifariki ndani ya boti ndogo iliyokuwa imefungwa kwenye mto Ouse mjini York. Boti hiyo iliitwa Diversion. Idara ya serikali ya Uingereza inayochunguza ajali za majini ilichunguza na kutoa ripoti yake hadharani. Chanzo kilikuwa hita ya dizeli: bomba lake la moshi lilikuwa limeachana na kiungo chake, na moshi uliopaswa kwenda nje ukaishia ndani. Ndani ya boti hamkuwa na king'ora cha kaboni monoksaidi.

Tumelitaja tukio hili kwa sababu halikuhitaji uzembe mkubwa wala mlipuko. Mfumo wa moshi wa hita ni bomba jembamba linalopata joto na kupoa kila siku, hutikiswa na injini, na hukaa mahali pasipofunguliwa kwa miezi. Kibano hulegea, bomba huchomoka kwa upana wa kidole, na hita huendelea kupuliza hewa ya joto kana kwamba hakuna lililotokea. Mtumiaji hapati dalili yoyote. Kwa kweli huenda akaona chumba kimepata joto zaidi.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji akae kidogo. Hita nyingi za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni ziliundwa kwa ajili ya malori na magari, na hufika zikiwa na vifaa vya kufungia kwenye gari. Katika gari, bomba la moshi lipo chini ya sakafu, nje kabisa. Likivuja kidogo, moshi huchukuliwa na upepo. Katika boti, bomba hilohilo hupita ndani ya chombo kabla ya kufika ubavuni. Kizuia sauti kinachokuja katika sanduku mara nyingi huwa na viungo visivyoziba sawasawa, tena chaweza kuwa na kitundu kilichotobolewa makusudi ili maji yadondoke barabarani. Kitundu hicho ndani ya boti kinadondosha moshi. Pamoja na hayo, kipande cha kupitishia bomba kwenye ubavu wa boti hakimo katika sanduku la gari, na wapo mafundi wanaotoboa bati na kulipitisha bomba vivi hivi, wakaziba ukingo kwa gundi ambayo joto litaiyeyusha.

Ukiwa unanunua hita ya namna hiyo, hesabu katika bei yake gharama ya bomba la chuma kisichoshika kutu, kizuia sauti kilichotengenezwa kwa matumizi ya majini na kisichopitisha moshi, vibano imara, kipande maalumu cha ubavuni, na kitambaa cha kukinga joto kinachozungushwa bomba lote. Ukijumlisha, unafuu ulioonekana mwanzoni hupungua sana. Bomba lipande juu kidogo kabla ya kushuka kuelekea nje, ili wimbi la boti inayopita lisiingize maji ndani ya hita. Mbao, mabomba ya plastiki na nyaya zikae mbali nalo.

Mwanzoni mwa kila msimu, kabla hujaiwasha kwa mara ya kwanza, fungua mahali hita ilipo na ulifuate bomba kwa mkono na kwa tochi kutoka hita hadi ubavuni. Shika kila kiungo. Kikicheza, usiwashe. Masizi meusi karibu na kiungo ni ushahidi kwamba moshi umekuwa ukipita hapo. Kazi hii haichukui robo saa.

King'ora

Boat Safety Scheme ni utaratibu wa ukaguzi unaotakiwa na mamlaka za mifereji na mito mingi nchini humo kabla boti haijapewa leseni, na boti hukaguliwa kila baada ya miaka 4. Tangu Aprili 2019 utaratibu huo unazitaka boti za watu binafsi zenye mahali pa kulala au kupumzika ziwe na king'ora cha kaboni monoksaidi kinachofanya kazi, hata ikiwa boti yenyewe haina hita wala jiko. Sababu ni kwamba moshi waweza kutoka kwa jirani, na boti za mijini hufungwa ubavu kwa ubavu. Anayepanga boti ana haki ya kumwomba mwenye mali amwonyeshe cheti cha ukaguzi, na afanye hivyo kabla ya kutoa fedha yoyote. Ajue hata hivyo kwamba cheti kinaeleza hali ya boti siku ilipokaguliwa. Kibano kinaweza kulegea wiki inayofuata.

King'ora cha moshi wa kawaida hakiitambui kaboni monoksaidi, kwa hiyo kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Tafuta kilichoandikwa kiwango BS EN 50291-2, ambacho ni cha matumizi katika boti na magari ya kulala. Kiweke juu ukutani, umbali wa kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye hita, na pale unapolala weka kingine katika usawa wa kichwa chako ukiwa mtoni. Bonyeza kitufe cha kujaribia kila wiki. Geuza usome tarehe ya mwisho iliyochapwa nyuma, kwa maana kihisio kilichomo ndani huchakaa hata kama betri ni mpya.

Kikilia, toka nje na kila mtu aliyemo, ukiacha milango wazi nyuma yako, kisha piga 999. Usirudi kuchukua simu wala koti. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu usioelezeka. Watu huzidhania kuwa mafua, nayo mafua ni mengi katika msimu huohuo. Ikiwa kichwa kinauma botini na kupona ukiwa kazini, au ikiwa wote waliomo wanaumwa pamoja na mbwa wao, usingoje king'ora.

Nguvu ya kilowati na hesabu ya mnunuzi

Tangazo litasema hita ina kilowati 8. Kabla ya kuamini, tazama katika maelezo ni lita ngapi za dizeli inachoma kwa saa. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takribani kilowati-saa 10, na hakuna hita inayoweza kutoa joto kuliko lililomo katika mafuta yake. Kwa hiyo hita inayochoma nusu lita kwa saa haiwezi kutoa zaidi ya kilowati 5, na kwa kuwa sehemu ya joto hupotea na moshi, itatoa pungufu ya hapo. Ikiwa sanduku limeandikwa 8 na maelezo yanasema nusu lita, mojawapo si kweli, na kwa kawaida si ile ya mafuta.

Wala kubwa zaidi si bora zaidi. Boti ndogo ya mita 6 au 7 hutosheka na kilowati 2. Boti ndefu ya mita 17 yaweza kuhitaji 4 au 5. Hita iliyozidi kipimo hulipatia chumba joto upesi, kisha hujipunguza na kukaa saa nyingi ikichoma kidogokidogo. Katika moto mdogo dizeli haiungui yote. Masizi hujenga tabaka ndani ya chumba cha kuunguzia, hewa inakosa njia, moto unazidi kufifia, na masizi yanazidi. Dalili zake ni moshi unaoonekana nje, harufu ya mafuta mabichi, na hita inayojaribu kuwaka mara mbili au tatu kabla ya kushika. Kinga yake ni rahisi: kila baada ya siku chache iendeshe kwa nguvu zote kwa muda wa nusu saa, hata kama itabidi ufungue dirisha. Tunajua kwamba kufungua dirisha mwezi wa Januari ili kuitunza hita ni ushauri unaochekesha. Fanya hivyo hata hivyo.

Kuhusu matumizi, hita ya kilowati 2 ikiendeshwa kwa nguvu zote hutumia takribani robo lita kwa saa, yaani karibu lita 6 kwa siku nzima usiku na mchana. Ikipunguzwa hutumia nusu ya hapo. Zidisha kwa bei ya dizeli mahali ulipo na kwa idadi ya siku za baridi, ndipo ulinganishe na bei ya magunia ya makaa ya mawe. Tusingependa mtu ahamie botini kwa kuamini kwamba joto ni bure.

Umeme unaosahaulika

Wanaonunua hita hukumbuka mafuta na kusahau betri. Wakati wa kuwasha, plagi huvuta ampea 8 hadi 10 kwa dakika chache. Ikishawaka, feni na pampu hutumia ampea 1 hadi 3. Chukua wastani wa ampea 2 kwa usiku wa saa 12, utapata ampea-saa 24. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 50 tu za kutumia, na kati ya hizo lazima zitoke pia za taa, pampu ya maji, jokofu na simu. Baridi yenyewe hupunguza uwezo wa betri. Paneli za jua zilizokutosheleza mwezi wa Juni hutoa kidogo sana mwezi wa Desemba, wakati mchana wa London ni wa takribani saa 8 tu na jua halipandi juu.

Matokeo yake ni kwamba saa tisa ya usiku, baridi ikiwa imefikia kilele, volti hushuka na hita hujizima yenyewe ili kujikinga. Ukijaribu kuiwasha upya ndipo plagi inapodai umeme mwingi zaidi ambao haupo. Na huwezi kuwasha injini ili kuchaji, kwa kuwa masharti ya leseni ya Canal & River Trust, taasisi inayosimamia mifereji mingi ya England na Wales tangu mwaka 2012, hayaruhusu injini kuchajia betri kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi pale penye majirani. Chaji mchana, na uangalie volti kabla ya kulala.

Hita isiyowaka, kwa mara nyingi, haina ubovu wowote ndani yake. Anza na betri. Fuata waya: waya mrefu na mwembamba hupoteza volti njiani hata kama betri imejaa. Kisha angalia fyuzi, kisha mafuta. Lakini usibonyeze kitufe mara kumi mfululizo. Kila jaribio lisilofanikiwa huacha dizeli ndani ya chumba cha kuunguzia, na siku itakapowaka itayachoma yote kwa pamoja kwa moshi mzito mweupe na joto lisilotarajiwa. Baada ya majaribio mawili au matatu, mwite fundi.

Jambo jingine la umeme ni dogo ila limeharibu hita nyingi. Usiizime kwa kukata swichi kuu ya betri. Ukibonyeza kitufe cha kuzima, feni huendelea kwa dakika kadhaa ili kupoza chuma na kufukuza moshi uliobaki. Ukikata umeme ghafla, joto lote hubaki ndani na kuunguza vihisio na feni. Msikilize mpaka anyamaze, wasema mafundi, nasi hatuna la kuongeza.

Mafuta

Dizeli ina nta ndani yake, na baridi ikizidi nta hiyo huganda na kuziba chujio. Wauzaji hubadilisha aina ya dizeli majira ya baridi yanapokaribia, lakini tangi ulilolijaza mwezi wa Agosti bado lina dizeli ya joto. Tangi lililo ndani ya boti chini ya usawa wa maji haliathiriki sana, kwa sababu maji yaliyo chini ya barafu hayashuki chini ya sifuri. Lililo hatarini ni lile tangi dogo la plastiki linalokuja na hita za bei nafuu na kuwekwa sitahani, pamoja na bomba lake jembamba linalopigwa na upepo.

Adui wa pili ni maji. Tangi lililojaa nusu lina hewa, na hewa hiyo ikipoa huacha matone ukutani yanayoshuka hadi chini. Pale maji na dizeli zinapokutana huota kuvu na bakteria, na utelezi wao mweusi huziba chujio na pampu. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya mimea huvuta maji zaidi. Ingia katika majira ya baridi tangi likiwa limejaa, weka chujio linalotenganisha maji, na ulimwage maji yake mara kwa mara.

Kuhusu ushuru: katika Uingereza bara wenye boti huuziwa dizeli yenye rangi nyekundu. Tangu Novemba 2008 sehemu ya mafuta itakayoendesha injini hutozwa ushuru kamili, na sehemu ya kupashia joto na kuzalisha umeme wa nyumbani hutozwa kidogo. Mnunuzi hutamka mwenyewe kiasi cha kila sehemu anaponunua. Tamka kadiri ya matumizi yako halisi na uhifadhi risiti. Anayeishi botini na kusogea mara chache ana sababu ya haki ya kutamka sehemu kubwa kuwa ya joto, lakini awe na jambo la kuonyesha akiulizwa.

Haki zako ukinunua

Chini ya Sheria ya Haki za Mtumiaji ya mwaka 2015, bidhaa iliyonunuliwa kwa mfanyabiashara ikiwa mbovu unaweza kuikataa na kurudishiwa fedha ndani ya siku 30. Baada ya hapo ni lazima kwanza umpe muuzaji nafasi moja ya kuitengeneza au kuibadilisha. Ubovu ukijitokeza ndani ya miezi 6, ni juu ya muuzaji kuthibitisha kwamba haukuwapo mwanzoni. Ukinunua mtandaoni una pia siku 14 tangu kuipokea za kubadilisha nia. Haki hizi ni imara mbele ya muuzaji aliyeko Uingereza, na ni dhaifu mno mbele ya duka lililoko nchi ya mbali ambalo halina anwani. Ukinunua kwa mtu binafsi, kwa mfano pamoja na boti kuukuu, nyingi kati yake hazikuhusu.

Iwashe hita mara tu unapoipokea na kuifunga, hata kama ni mwezi wa Septemba na jua linawaka. Anayesubiri Desemba huzipoteza siku 30 hizo bila kujua. Hifadhi pia maelezo ya mtengenezaji na hati ya fundi, kwa sababu kampuni ya bima inaweza kuyadai. Fundi aliyesajiliwa kwa kazi za gesi si lazima awe mjuzi wa hita za dizeli. Muulize amezifunga hita ngapi katika boti.

Ukisafiri

Wengi hufunga boti mwezi wa Desemba na kwenda kuwaona ndugu Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura. Usiiache hita ikiwaka peke yake kwa wiki tatu ili kuzuia mabomba yasipasuke kwa barafu. Betri itakwisha kabla hujamaliza wiki ya kwanza, na hakuna atakayeyaona masizi au bomba lililochomoka. Badala yake toa maji yote katika mabomba na tangi la kuchemshia, acha bomba za sinki wazi, na ikiwa hita yako ni ya kupasha maji hakikisha maji yake yamechanganywa na dawa ya kuzuia kuganda kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Funga koki ya dizeli. Usizibe matundu ya hewa kwa nguo, ingawa upepo unaoingia humo unaudhi; ndiyo yanayozuia kuvu lisiote kwenye magodoro. Mwachie jirani wa ukingoni namba yako ya simu na ufunguo mmoja. Ukirudi, kabla ya kubonyeza kitufe, chukua tochi ulifuate bomba la moshi tena kutoka hita hadi ubavuni.